Kifaa cha kufuatilia gari si bima: somo kwa wenye magari wa Bonde la Kilombero

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Ifakara ameshauzoea mlio mwembamba unaosikika karibu na kiti cha dereva pindi basi linapozidisha mwendo. Mlio huo hutoka kwenye kifaa cha mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, maarufu kwa jina la VTS, ambacho kilianza kufungwa katika mabasi ya masafa marefu wakati wa SUMATRA na kuendelezwa na mrithi wake, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kuwa dereva haendi zaidi ya mwendo unaoruhusiwa, na akizidisha ijulikane ni dereva gani na alikuwa wapi.

Mlio huo umezaa mkanganyiko wa kibiashara. Mwenye Fuso au Noah anapoambiwa na wakala wa bima kwamba gari lake "liwe na jipiesi", hudhani kuwa ni jambo lile lile la LATRA na kwamba halimhusu kwa kuwa hana basi. Wapo pia wanaodhani kinyume chake, kwamba gari likishafungwa kifaa basi limekwisha kukatiwa bima ya wizi. Dhana zote mbili ni potofu, na hiyo ya pili inaweza kumgharimu mtu lori zima.

Ukweli ni kwamba vifaa hivi vina mabwana tofauti. LATRA hutaka chake kwa ajili ya mwendo na usalama wa abiria. Mamlaka ya Mapato (TRA) hutumia lakiri za kielektroniki kufuatilia shehena zinazopita nchini kwenda nchi jirani, shabaha yake ikiwa ni kodi. Benki iliyokopesha fedha za kununulia lori hutaka kujua dhamana yake iko wapi. Kampuni ya bima hutaka jambo la nne, yaani kupunguza uwezekano wa kulipa fidia ya gari lililoibwa, na kama gari limekwisha kuibwa, kulipata kabla halijachinjwa na kuuzwa vipuri. Kifaa kinachomridhisha bwana mmoja si lazima kimridhishe mwingine, ingawa fundi anayekifunga hatakosa kusema kuwa kinatosha kwa wote.

Kwa wakazi wa Kilombero, Ulanga na Malinyi suala hili limepata uzito mpya. Kwa miaka mingi Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko, na lori lililoondoka Mahenge au Malinyi lilikuwa likijulikana lilipo kwa sababu lilionekana kwenye foleni ya kivukoni. Mwaka 2018 Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa, na mwaka 2024 ikazinduliwa barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9. Mpunga unatoka haraka zaidi, na magari ya thamani kubwa zaidi yanaingia bondeni, mengi yakiwa yamenunuliwa kwa mkopo. Lakini barabara nzuri haimchagui mtumiaji. Inamfaa mwenye mchele, na inamfaa pia mwizi wa gari, ambaye zamani angekwama kwenye tope kabla hajafika Mang'ula.

Bima ipi inalipa wizi?

Kabla ya kuzungumzia kifaa ni lazima kwanza kujua gari lina bima gani, kwani hapa ndipo wengi wanapokosea. Bima ambayo kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinatakiwa kuwa nayo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ni ile inayojulikana mitaani kama bima ndogo. Hiyo huwalinda watu wengine dhidi ya madhara yanayosababishwa na gari. Gari lenyewe likiibwa usiku uani, mwenye bima ndogo hapati hata senti moja, liwe na kifaa au lisiwe nacho.

Bima kubwa ndiyo inayogusa wizi, ajali, moto na hasara nyingine kwa gari lenyewe. Kati ya hizo mbili ipo ya tatu ambayo haitajwi sana madukani mwa mawakala, pengine kwa sababu kamisheni yake si kubwa: bima ya watu wengine iliyoongezewa moto na wizi. Kwa mwenye Kenta ya zamani ambayo haoni sababu ya kuilipia bima kubwa, lakini ambaye angefilisika ikiibwa, aina hii inafaa kuulizwa kwa jina lake.

Hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimisha mwenye gari binafsi kufunga kifaa cha kufuatilia ili apewe bima. Sharti hilo hutoka kwa kampuni yenyewe, na huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni punguzo: ukifunga, ada inashuka kwa asilimia fulani. Sura ya pili ni sharti: usipofunga, kampuni haitakubali kubeba hatari ya wizi, au haitachukua gari hilo kabisa, hasa likiwa ni la thamani kubwa, la kukodisha, au la aina ambayo vipuri vyake vina soko la haraka. Tofauti ya sura hizi mbili ndiyo kiini cha somo hili, na itarudiwa chini.

Mtindo huu haukuanzia hapa. Nchini Marekani, kifaa cha LoJack kilianza kutumika katika jimbo la Massachusetts mwaka 1986. Hicho hakikutumia setilaiti. Kilitoa mawimbi ya redio ambayo magari ya polisi yaliweza kuyanusa baada ya mwenye gari kuripoti wizi. Nchini Uingereza makampuni ya bima yana kituo chao cha utafiti, Thatcham, ambacho hupima vifaa vya usalama na kuvipa madaraja. Tangu mwaka 2019 madaraja ya ufuatiliaji ni mawili, S7 na S5, na lile la S5 hutaka hata dereva abebe kitambulisho kidogo ili gari likiondoka bila kitambulisho hicho, kituo cha ulinzi kijulishwe papo hapo. Afrika Kusini, ambako wizi na uporaji wa magari umekuwa tatizo kubwa, kifaa cha ufuatiliaji ni sharti la kawaida kwa magari ya bei. Kutoka huko mtindo ukapanda kuja Kenya na Tanzania, pamoja na baadhi ya makampuni yanayotoa huduma hiyo.

Hapa nchini soko la bima lilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake tangu kutaifishwa kwa sekta hiyo mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa makampuni binafsi. Ushindani ulileta bei mbalimbali na pia masharti mbalimbali, na ndiyo sababu wafanyabiashara wawili wenye malori yanayofanana wanaweza kukuta mmoja amewekewa sharti la kifaa na mwingine hakuwekewa.

Kifaa kinavyofanya kazi, na kinapokaa kimya

Kifaa chenyewe ni kisanduku kinachoweza kufichwa nyuma ya dashibodi. Ndani yake mna sehemu mbili zinazofanya kazi tofauti. Ya kwanza hupokea mawimbi ya setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani, zinazozunguka umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kwa kupata mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4 hukokotoa mahali gari lilipo. Hadi mwezi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi wanayopewa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Tangu hapo ni kama mita 10 au pungufu yake. Hiyo inatosha kujua lori liko upande gani wa stesheni ya TAZARA ya Ifakara.

Sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa. Setilaiti hazijui gari liko wapi. Kifaa ndicho kinachojua, na ili kimwambie mwenye gari lazima kitumie laini ya simu kama simu nyingine yoyote. Pasipo mtandao wa simu kifaa huendelea kuandika mahali kilipo katika kumbukumbu yake, kisha hutuma taarifa zote kwa mkupuo gari linaporudi penye mnara. Vile vile amri ya kuzima injini kwa mbali haifiki kwenye gari lisilo na mtandao. Mwenye gari anaweza kubonyeza simu yake hadi kidole kiume.

Katika mji mkubwa jambo hili ni dogo. Katika Bonde la Kilombero ni kubwa. Gari linalobeba mpunga kutoka mashamba yaliyo ndani ndani kuelekea Mlimba au Malinyi hupita kwenye maeneo ambako mnara uko mbali, na upande mmoja umezibwa na milima ya Udzungwa. Kifaa hunyamaza dakika 10, 20 au zaidi, kisha hurudi. Kimya hiki hakina ubaya. Ubaya ni kwamba kinafanana kabisa na kimya cha aina nyingine, kile cha mwizi aliyekata waya wa betri au aliyebeba mashine ya kuziba mawimbi, ambayo huua mawasiliano ya kifaa kwa muda wote inapowashwa karibu nacho.

Mlinzi wa kituo cha ufuatiliaji aliyeko Dar es Salaam anayeona gari la Kilombero likinyamaza mara 5 kwa siku hatashtuka linaponyamaza mara ya 6. Si uzembe wake tu. Mtu yeyote huzoea kengele inayolia bila sababu. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji wa huduma si kama kifaa chake kina betri ya akiba, ingawa nalo ni la lazima. Swali ni hili: gari likinyamaza, kituo husubiri muda gani kabla ya kumpigia simu mwenye gari, na je, muda huo ni ule ule mchana na usiku, na ni ule ule gari likiwa njiani na likiwa limeegeshwa?

Mwenye gari mwenyewe anaweza kusaidia sana hapa kwa kazi ya mwezi mmoja. Mifumo mingi hutunza safari zilizopita. Akizitazama safari za mwezi mzima atagundua kuwa gari lake hunyamaza mahali pale pale kila mara. Akiziandika sehemu hizo na kuzipeleka kwenye kituo, kimya cha porini kinaweza kutengwa na kimya cha mashaka. Gari lililoegeshwa uani mjini Ifakara, ambako simu hupatikana, halina sababu ya kunyamaza saa 7 usiku. Likinyamaza saa hiyo mtu aamshwe.

Saa hiyo ndiyo yenye thamani. Chukua mfano wa lori lililochukuliwa Ifakara saa 7 usiku na mwenyewe akagundua saa 12 asubuhi alipotoka kuswali au kupiga mswaki. Ni saa 5. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, lori limekwenda kilomita 300, yaani limevuka Mikumi, limevuka Morogoro na linakaribia Chalinze, ambako njia ya Tanga na Arusha inaachana na ya Dar es Salaam. Toka hapo kulitafuta ni kubahatisha. Lakini kama taarifa imetoka ndani ya nusu saa, lori bado liko bondeni, halijavuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu.

Hapa jiografia ya Kilombero inamsaidia mwenye mali kuliko ilivyo kwa mwenzake wa Dar es Salaam. Njia za kutoka ni chache. Gari linaloelekea kaskazini sharti lifike Kidatu na kisha Mikumi, takriban kilomita 100 kutoka Ifakara. Linaloelekea Mahenge au Malinyi linapita darajani na Lupiro. Njia za Mlimba na milimani ni ngumu, na wakati wa masika ni ngumu zaidi. Kwa hiyo hata kifaa cha kawaida, kikiwa na mtu macho nyuma yake na namba za simu za vituo vya polisi vya njiani, kinaweza kufanya kazi nzuri. Kifaa bora kisichotazamwa na mtu usiku kitamweleza mwenyewe asubuhi mahali gari lake lilipotoweka, na si zaidi ya hapo.

Hesabu ya punguzo

Mawakala hupenda kuuza kifaa kwa maneno kwamba "kinajilipa chenyewe" kupitia punguzo la ada. Dai hilo linafaa kupimwa kwa kalamu. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi.

Fuso lina thamani ya sh. milioni 50. Kiwango cha ada ya bima kubwa kiwe asilimia 4, yaani sh. milioni 2. Ukiongeza kodi ya VAT ya asilimia 18, ambayo ni sh. 360,000, mwenye gari analipa sh. 2,360,000. Kampuni ikitoa punguzo la asilimia 10 kwa ajili ya kifaa, ada inakuwa sh. 1,800,000 na VAT sh. 324,000, jumla sh. 2,124,000. Ameokoa sh. 236,000.

Upande wa pili, kifaa na ufungaji viwe sh. 200,000 na huduma ya mwaka sh. 150,000. Mwaka wa kwanza ametoa sh. 350,000 ili kuokoa sh. 236,000. Mwaka wa pili anatoa sh. 150,000 tu, na hapo muuzaji husema faida imeanza. Lakini gari nalo linazeeka. Likishuka thamani kwa asilimia 10 kila mwaka, ada hushuka na punguzo hushuka nayo: mwaka wa pili ni sh. 212,400, wa tatu ni sh. 191,160. Kwa miaka 3 mwenye gari ameokoa jumla ya sh. 639,560 na kutumia sh. 650,000. Bado hajarudisha. Mwaka wa nne, kwa punguzo la sh. 172,044, ndipo anapoanza kuona nafuu ya kama sh. 11,600, iwapo kifaa chenyewe hakijaharibika wala kuhitaji betri mpya.

Maana yake ni kwamba kwa gari la aina hii punguzo peke yake si sababu ya kununua kifaa. Sababu ni lori lenyewe, na siku za msimu ambazo lingekaa bila kufanya kazi. Fidia ya bima hata ikilipwa bila ubishi huchukua muda, na mkopo wa benki hausubiri. Mpunga wa mteja nao unapakiwa na mwenzake. Kuna pia faida za pembeni ambazo wenye malori wengi huziona kuwa kubwa kuliko bima: kujua kama lori limesimama kwa muda mrefu mahali ambapo mafuta hufyonzwa, au kama limepita njia ambayo haikuagizwa likiwa na mzigo wa utingo.

Ahadi iliyoandikwa kwa herufi ndogo

Sasa turudi kwenye sura mbili za sharti. Kama kifaa kimeingia katika mkataba kwa njia ya punguzo, mwenye gari lazima ajue iwapo kampuni imekiandika pia kama ahadi yake. Mara nyingi imeandika. Maneno hufanana na haya: mwenye bima anaahidi kuwa gari litakuwa na kifaa kilichoidhinishwa na kampuni, kilichofungwa na fundi anayetambuliwa, ambacho kinafanya kazi na huduma yake imelipiwa wakati wote wa bima. Wanabima huliita sharti la namna hii waranti.

Katika sheria ya bima ya Kiingereza, ambayo ndiyo chimbuko la mikataba mingi inayotumika Afrika Mashariki, waranti ilikuwa kitu kikali. Ikivunjwa, kampuni ilijitoa kwenye wajibu wake kuanzia siku ilipovunjwa, hata kama kuvunjwa huko hakukuhusiana kabisa na hasara iliyotokea. Waingereza wenyewe waliona ukali huo umezidi na wakaulegeza kwa sheria yao ya bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016. Lakini hiyo ni sheria yao. Mwenye gari wa Ifakara asiitegemee. Asome hati yake mwenyewe.

Katika mfano uliotangulia, huduma ya sh. 150,000 kwa mwaka ni sh. 12,500 kwa mwezi. Mwenye lori aliyebanwa na ununuzi wa mpunga mwezi Juni anaweza kuona kuwa hilo ni deni la kusubiri, hasa kwa kuwa gari linatembea kama kawaida na hakuna askari wa usalama barabarani atakayemwuliza. Stika ya bima ni halali, na akiitafuta kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) anaiona. Anachosahau ni kwamba siku huduma inapokatika, ahadi yake imevunjika. Lori likiibwa katika majuma hayo, kampuni ina haki ya kuomba kumbukumbu za kituo cha ufuatiliaji, na kumbukumbu zitaonyesha kimya. Sh. 12,500 zitakuwa zimesimama mbele ya sh. milioni 50.

Kwa sababu hiyo mfanyabiashara ambaye hana uhakika wa kulipia huduma kila mwezi ni afadhali kwake kulipa ada kamili bila punguzo, kama kampuni inakubali, kuliko kuchukua punguzo pamoja na ahadi asiyoweza kuitimiza. Shauri hili wakala hatalitoa kwa hiari. Na pale ambapo kampuni imeweka kifaa kuwa lazima, ni vema tarehe ya kumalizika huduma iwe sawa na tarehe ya kumalizika bima, ili vyote viwili vilipwe siku moja.

Jambo jingine ni laini ya simu iliyomo ndani ya kifaa. Mafundi wengi wa mitaani hufunga vifaa vya bei nafuu na kutia laini yoyote waliyonayo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019 na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, kila laini ina mwenyewe. Kama mwenyewe ni fundi, basi fundi huyo, au yeyote aliyeinunua simu yake, anaweza kujua gari linalala wapi. Akihama mji laini hufa bila mtu kujua. Aidha kampuni ya bima inaweza kukataa kifaa hicho moja kwa moja kwa kuwa hakimo katika orodha yake. Orodha hiyo iombwe kwa maandishi kabla ya kununua kifaa, na cheti cha ufungaji kitunzwe mbali na gari. Wapo wanaokiweka kwenye kisanduku cha dashibodi, na kikaondoka na gari.

Ufungaji wenyewe si wa kupuuzwa. Kifaa kinachozima injini huunganishwa na waya wa pampu ya mafuta au wa swichi. Fundi asiyejua kazi anaweza kuacha waya unaogusana na bodi, na gari kuwaka moto. Hapo kampuni itauliza ni nani alibadilisha mfumo wa umeme. Pia amri ya kuzima isitolewe gari likiwa kasi. Gari likizimwa ghafla kwenye lami mpya ya Kidatu likiwa na tani 7 za mchele, linaweza kuua watu ambao hawahusiki na wizi huo.

Yapo mambo ambayo kifaa hakiyaponyi hata kikifanya kazi vizuri. Mikataba mingi ya bima hailipi pale ambapo mwenye gari mwenyewe amelikabidhi kwa hiari kwa mtu aliyejifanya mkodishaji kisha akatokomea nalo, kwa kuwa huo huhesabiwa kuwa utapeli. Wenye Noah na Hiace za kukodisha kwa harusi na misiba wangefanya vema kuuliza kifungu hicho. Hali ni hiyo hiyo kwa funguo zilizoachwa kwenye gari, na kwa wizi uliofanywa na mwajiriwa. Na masika mto unapofurika, kifaa kitaonyesha kwa usahihi wa mita 10 mahali lori lilipozama.

Dereva naye ana haki zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia kumbukumbu za mahali mtu alipo. Mwenye gari amweleze dereva kuwa gari lina kifaa na kwa nini. Yaandikwe katika mkataba wa kazi. Dereva aliyeelezwa pia ndiye mtu wa kwanza kusema kifaa kinapoharibika.

Wizi ukitokea, mpangilio wa hatua ni muhimu. Kituo cha ufuatiliaji kipigiwe kwanza, kisha polisi, na namba ya taarifa ya polisi ichukuliwe. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi siku hiyo hiyo, kwa kuwa mikataba huweka ukomo wa muda. Ripoti ya kituo yenye saa na mahali pa mwisho iombwe mapema, kabla haijawa ushahidi wa upande mmoja.

Kampuni ikikataa kulipa, itakiwe kutaja kwa barua kifungu ilichokitumia. Jibu la simu halifai kitu. Baada ya hapo mlalamikaji anaweza kwenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kabla ya kufikiria mahakama na gharama za wakili. Huko swali la kwanza litakuwa la karatasi: risiti za huduma za miezi yote, cheti cha ufungaji, na nakala ya mkataba wenye lile sharti.

Wanaonunua malori yaliyotumika, ambao Ifakara si wachache kila msimu unapokaribia, wana tahadhari moja ya ziada. Lori linaweza kuja na kifaa ambacho muuzaji amekisahau, au hakukisahau. Akaunti bado ni yake, na amri ya kuzima injini bado iko kwenye simu yake. Kabla ya kumalizia malipo, kadi ya gari ikibadilishwa jina na akaunti ya kifaa ibadilishwe siku hiyo hiyo, au kifaa king'olewe na wakala wa bima ajulishwe kuwa kimeng'olewa.